Faulo Ambayo Sikuiona

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mwalimu Gathogo huko Gatongora, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka na hasira. Sisemi huzuni; huzuni ninaijua, nimezika watu wengi, na najua jinsi inavyoingia na jinsi inavyotoka. Hii ni hasira kavu, ya kukaza taya, inayonifuata mpaka ofisini na kunifanya nisome barua moja mara nne bila kuielewa. Ilianza chini ya turubai, wakati Mheshimiwa Absalom aliposimama kutoa rambirambi. Alitia mkono mmoja mfukoni, akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, asiyepandisha sauti, na refa hodari wa mpira wa kikapu katika siku ambazo wengi wetu tulidhani kikapu ni cha kwendea sokoni. Watu walicheka. "Alikosea mara moja tu," Absalom akaendelea, "pale Ruiru, mwaka wa hamsini na saba. Alipiga filimbi ya faulo ambayo haikuwepo. Hata refa mwenzake alimkana. Na mwenzake yuko hapa, yule pale mwenye koti la kijivu, mkitaka mumuulize." Vichwa vikanigeukia mimi. Watu wakacheka tena, kile kicheko chepesi cha msibani kinachowapumzisha waliolia, nami, mkaguzi wa shule, mtu mwenye shahada ya chuo kikuu na miaka arobaini na minane, nikatabasamu pamoja nao. Tabasamu hilo ndilo linaloniamsha.

Wazazi wangu, na jinsi nilivyofika Thika kutoka upande wa mashariki nikiwa na cheti cha shule na jozi moja ya viatu, havina nafasi katika sura hii. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini, karani katika stoo ya kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, na kwamba nilipewa kitanda katika chumba cha mtaa wa wafanyakazi wa Makongeni ambamo Gathogo alikuwa ameishi miezi minane kabla yangu. Kilikuwa chumba cha vitanda viwili vya chuma, stovu ya mafuta ya taa, ndoo, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Gathogo alikuwa amekipanga kama darasa. Viatu vilikaa chini ya kitanda ncha zikitazama mlangoni. Sahani zilifunikwa kwa kitambaa. Na kwenye msumari mmoja, peke yake, ilining'inia filimbi. Alikuwa mwalimu katika zile shule za Wakikuyu zilizofungwa na serikali Hali ya Hatari ilipotangazwa. Baada ya shule kufungwa alizuiliwa kambini kwa miaka miwili, akaachiliwa, na sasa alikuwa akibeba masanduku katika stoo ile ile ambamo mimi, niliyepungukiwa naye kwa madarasa mengi ya shule, niliyaandika masanduku hayo kitabuni. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Nilimwita Mwalimu tangu siku ya pili, naye aliliitikia jina hilo kama mtu anayepokea kofia yake mwenyewe.

Mpira wa kikapu alifundishwa na bruda mmoja wa misheni zamani za ualimu wake, na sheria zake alizinakili kwa mkono katika daftari, akazitafsiri kwa Kiswahili. Kiwanda kilikuwa na timu kwa sababu kilikuwa na afisa wa maslahi ya wafanyakazi, Mzungu tuliyemwita Bwana Welfea, na Bwana Welfea aliamini kwamba Mwafrika anayeruka hana muda wa kula kiapo cha uasi. Alijenga uwanja wa saruji nyuma ya ukumbi wa starehe, akaleta ubao na vyuma viwili vya duara, kisha akagundua kwamba katika wafanyakazi wote mtu mmoja tu ndiye aliyezijua sheria. Hivyo Gathogo akawa refa. Lakini mchezo huu unataka marefa wawili, na wa pili alinichagua mimi, nadhani kwa sababu tulilala chumba kimoja na angeweza kunifundisha hata nikiwa sitaki.

Alinifundisha mezani, Jumapili, tulipokuwa tukichambua mahindi na maharagwe ya kupika githeri ya wiki nzima. Kabla ya kutia chochote sufuriani alichora uwanja kwa chaki juu ya meza, akapanga maharagwe matano upande mmoja na punje tano za mahindi upande mwingine. "Haya maharagwe ni Thika," alisema. "Mahindi ni Ruiru. Wewe ni hiki kipande cha chumvi. Sasa mpira unakwenda kule. Utasimama wapi?" Nilisogeza chumvi karibu na mpira. Alinigonga kidoleni. "Umekuwa mtazamaji. Watazamaji tunao mia mbili, na hatuwalipi." Kisha akanieleza, kwa subira ambayo sasa nikiikumbuka inanichoma, kwamba refa mmoja hutangulia na kusimama nyuma ya mstari wa mwisho, chini ya kikapu, na huyo hatazami mpira kabisa, anatazama miili, viuno, magoti, mahali mikono inapojificha. Mwingine hubaki nyuma, akifuata mchezo unavyokuja, na kazi yake ni mwenye mpira na wote walio mbali na kikapu. Mchezo ukigeuka, aliyekuwa nyuma anakuwa wa mbele. "Uwanja tumeugawana kama shamba la ndugu wawili," alisema. "Ng'ombe akiingia upande wangu ni wangu kumfukuza. Wewe ukiwa upande wako huna habari naye, na mtu akikuuliza, mwambie aje kwangu. Refa hasemi juu ya kitu kilichokuwa mbele ya mwenzake. Hata kama alikiona. Na zaidi kama hakukiona." Nilimwuliza kwa nini zaidi. Akanitazama kama wanavyotazamwa watoto wa darasa la kwanza. "Kwa sababu mtu anayesema sikuona, watu husikia hapakuwa na kitu."

Halafu alikusanya maharagwe na mahindi, akayatia majini pamoja na uwanja wote, akanitania. "Nyinyi Wakamba mnayatwanga mahindi mpaka maganda yanatoka, kisha mnasema mmekula. Leo utakula chakula chenye ngozi." Tulikula. Nimekula katika hoteli nyingi tangu siku hizo, nikiwa na kitambaa magotini, na sikumbuki hata mlo mmoja kama ninavyoikumbuka githeri ile yenye unga kidogo wa chaki.

Uwanjani alikuwa mtu mwingine, na hapa ndipo neno "mpole" la Absalom linaponiudhi. Gathogo hakuwa mpole. Alikuwa na hasira aliyoikunja vizuri kama shati. Alipiga filimbi mara moja, fupi, akainua mkono, akataja namba ya mchezaji na kosa lake, akaondoka mahali pale kabla ya mtu yeyote kumfikia kubishana. "Ukisimama utaulizwa," aliniambia. "Ukiulizwa utaeleza. Ukieleza umeshakuwa mshtakiwa." Alizifua soksi zake kabla ya kila mchezo. Hakukubali soda ya mtu. Wachezaji wa timu yetu wenyewe hawakumpenda kwa sababu aliwaadhibu kama wageni, na aliyemchukia zaidi alikuwa kapteni, Absalom, kijana mrefu, mtoto wa chifu mtiifu wa serikali, aliyezoea kuona watu wakimpisha njia. "Huyu amekuja kutulipizia kambi yake," Absalom alikuwa akisema kwa sauti, akijifunga kamba za viatu. "Filimbi ndiyo bunduki aliyonyimwa." Gathogo alisikia. Dakika kumi baadaye Absalom aliweka goti mgongoni mwa mtu, filimbi ikalia, fupi kama kawaida, wala haikuwa ndefu hata kidogo kwa ajili ya maneno yale.

Mkewe, Mama Wanjiru, pamoja na watoto wawili, walikuwa katika kijiji cha dharura upande wa Gatongora, kimojawapo cha vile vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, ambamo watu walifungiwa kabla jua halijatua. Wanawake walichimba barabara asubuhi na kulima kwa saa chache walizobakiziwa. Gathogo aliruhusiwa kuwaona mara moja kwa mwezi, kwa karatasi yenye mihuri mitatu. Mimi, kwa kuwa ni Mkamba na vizuizi vile vilikuwa vya Wakikuyu, nilikwenda Ruiru siku yoyote niliyotaka, hata kununua ndizi tu. Nakumbuka alivyozoea kuniuliza nikirudi, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi: "Njia ya Gatongora ina vumbi au imenyeshewa?" Nilimjibu vumbi, au mvua. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mtu huyo alikuwa akiulizia nyumbani kwake kwa njia pekee iliyomwachia heshima.

Katikati ya mwaka, Bwana Welfea alitangaza kwenye chai ya mapumziko kwamba kiwanda kitaajiri mwalimu wa michezo, na kwamba mwalimu huyo atapewa chumba chake peke yake hapo Makongeni, pamoja na kibali cha kukaa mjini na mke na watoto. Angemchagua mmoja kati ya marefa wawili, baada ya kuwatazama katika mchezo dhidi ya timu ya shamba la kahawa la Ruiru. Jioni ile Gathogo alipima chumba chetu kwa hatua. Hakusema anapima. Alikwenda kutoka mlango hadi dirisha, akarudi, akasimama mahali kitanda changu kilipokuwa, akasema, "Wanjiru anaweza kulala hapa. Mdogo bado atalala na mama yake." Nilimwambia kazi ni yake, hakuna anayestahili zaidi. Nilimaanisha. Nataka iandikwe kwamba siku ile nilimaanisha.

Lakini siku nne kabla ya mchezo nilikuwa katika kijistoo cha ukumbi, nikijaza mipira upepo, na kati ya kijistoo na ofisi ya Bwana Welfea palikuwa na ukuta wa mbao tu. Alikuwa na mgeni, na walisema kwa lugha yao wakidhani hakuna mtu. Mgeni alisema yule mwalimu wa zamani ni refa bora zaidi. Bwana Welfea akakubali, akasema hilo halina ubishi, ila kumpa Mkikuyu wa zile shule chumba na familia mjini kutamletea maswali kutoka juu. "Yule mdogo, Mkamba," alisema, "ni safi. Nikipata sababu, nitamchukua yeye." Nilisikia vikombe vikiwekwa juu ya sahani. Niliendelea kujaza mpira mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Ningeweza kwenda chumbani na kumwambia mwenzangu: wanatafuta sababu, tusiwape. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba ningemvunja moyo. Mtu akiwa na miaka ishirini hujidanganya kwa maneno mazuri. Akifika arobaini na minane anayatambua maneno yale yale yakitoka vinywani mwa wengine.

Uwanja wa Ruiru ulikuwa wa murram, udongo mwekundu ulioshindiliwa, kando ya mashine ya kumenyea kahawa, na hewa yote ilinuka yale maganda yaliyochachuka, harufu tamu na mbovu kwa pamoja. Tulifika kwa lori Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mistari ilikuwa ya chokaa, meza ya Bwana Welfea iliwekwa katikati ya uwanja upande mmoja chini ya mwavuli, na nyuma ya kikapu cha upande wa mashine walisimama wanawake wa kijijini walioruhusiwa kuja kwa saa tatu, homugadi wawili, askari wa kijiji waliowekwa na serikali, wakiwalinda. Mama Wanjiru alikuwa miongoni mwao, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi. Gathogo alipita mbele yao akiwa amevaa kaptura iliyopigwa pasi, na hakumsalimu. Aliinamisha kichwa kidogo tu. Refa hasalimii watazamaji. Niliona mkewe akizuia kicheko kwa ncha ya leso.

Watazamaji walitutukana kwa haki, bila upendeleo. "Refa, mkeo anakuangalia, usipendelee Ruiru," mmoja alipaza sauti, na wengine wakaongeza, "Na wewe Mkamba, hiyo filimbi ni ya kuita mbuzi?" Mchezo ulikuwa mgumu, wa pointi chache, na mpaka nusu ya kwanza nilisimama pale nilipofundishwa. Nusu ya pili sikusimama. Hakuna aliyeligundua hilo isipokuwa Gathogo, ambaye mara mbili alinionyesha kwa kidevu nirudi katikati. Nilikuwa nikivutwa na meza. Kila mchezo ulipogeuka nilijikuta karibu na mwavuli, mahali ambapo Bwana Welfea angeona jinsi ninavyokimbia, jinsi ninavyoinua mkono, jinsi kaptura yangu nayo ilivyopigwa pasi. Nilikuwa nimeacha kuwa refa na kuanza kuomba kazi.

Zilibaki sekunde chache, Thika tukiongoza kwa pointi moja. Dereva wa trekta wa Ruiru aliyeitwa Kimani alipata mpira, akampita mtu wa kwanza, akaenda kikapuni. Gathogo alikuwa mbele, nyuma ya mstari wa mwisho, chini ya kikapu, mahali pake hasa. Mimi nilikuwa nyuma, tena pembeni, hatua tatu kutoka mezani, na badala ya kutazama watu wangu niliutazama mpira ukipanda hewani. Niliona mpira ukigonga chuma na kutoka. Nilisikia filimbi fupi. Niliposhusha macho, Kimani alikuwa chini, kiwiko kinavuja damu, Absalom amesimama juu yake akiwa ameinua mikono yote miwili kama malaika, na Gathogo ameonyesha vidole viwili: mitupo miwili ya adhabu. Mitupo hiyo ikiingia, Ruiru ingeshinda.

Absalom hakwenda kwa refa. Alikwenda moja kwa moja mezani. "Bwana, huyu mtu anasaidia watu wa kijiji chake. Bibi yake yuko pale. Ameanguka mwenyewe." Na Bwana Welfea, ambaye kwa sheria yoyote ya mchezo huo hakuwa na mamlaka zaidi ya yule aliyeleta ndoo ya maji, alisimama chini ya mwavuli wake, akaniita mimi niliyekuwa karibu.

"Wewe, Mutua. Wewe ona hii mtu sukuma ile?"

Nilijua jibu. Lilikuwa limechorwa kwa chaki juu ya meza niliyokula kila siku. Lilikuwa maneno machache tu, kumwambia amuulize aliyekuwepo. Nilijua pia, kwa sababu ya ule ukuta wa mbao, kwamba swali lile halikuwa swali. Ilikuwa ni sababu inayotafutwa.

"Sikuona, bwana."

"Wewe kweli hapana ona?"

"Sikuona."

"Basi. Hapana faulo. Mchezo kwisha."

Gathogo hakusogea. Alikuwa kwenye mstari wa mitupo, mpira umeshikwa na Kimani, vidole viwili bado viko juu. "Bwana," alisema kwa Kiswahili safi, bila kupandisha sauti, "niulize mimi. Yeye alikuwa mbali. Mimi nilikuwa hatua mbili."

"Mimi hapana uliza wewe."

"Najua. Ndiyo maana nasema uniulize."

Bwana Welfea alivuka uwanja mzima kwa viatu vyake vya ngozi, akifuta chokaa kwa kila hatua, akaishika ile kamba shingoni mwa Gathogo, akaivuta juu ya kichwa chake kama mtu anayemvua ng'ombe kamba baada ya kumuuza. Kofia ya Gathogo ikaanguka. Hakuiokota. Aliendelea kuonyesha vidole viwili, na wachezaji wa Ruiru wakamtazama, mpaka homugadi mmoja alipokuja na kumwambia kwa Kikuyu, karibu kwa kumbembeleza, ashushe mkono.

Kwenye lori wenzetu waliimba. Chumbani Gathogo aliwasha stovu, akapasha chakula, akapakua sahani mbili. Alikula yote. Kisha akauliza, "Kweli hukuona?"

"Kweli, Mwalimu. Mungu ni shahidi."

"Kwa nini ulijibu?"

"Aliniuliza."

Alivuta sahani yangu, akaiweka juu ya yake. Lazima nieleze kwamba alipokamatwa mara ya kwanza alipitishwa, kama maelfu ya wengine, mbele ya yule waliyemwita gakunia: mtu aliyevikwa gunia mwili mzima, matundu mawili tu ya macho, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa, ndiyo au la, kila mtu alipopita. Kwa kutikisa huko watu walipelekwa kambini. "Yule wa gunia," Gathogo alisema, "angalau alidai ameniona." Akaosha sahani zote mbili, yangu na yake, akalala akitazama ukuta.

Kazi nilipewa mimi wiki iliyofuata. Mwisho wa mwezi stoo ilipunguza watu, na aliyepunguzwa ni mmoja tu, Gathogo. Bila ajira hakuwa na haki ya kukaa Thika, akarudishwa kijijini, kwenye handaki na barabara, mpaka vizuizi vilipoondolewa. Nilisaini karatasi iliyonipa chumba chote na kibali cha kuishi mjini na mke na watoto. Sikuwa na mke. Sikuwa na watoto. Kwa miaka miwili nililala mahali Wanjiru angelala, na kwenye kitanda cha pili nilitundika suruali zangu. Bwana Welfea alipoondoka nchini aliniandikia barua ya kunipendekeza chuoni, na katika barua hiyo, ambayo ilinifungulia kila mlango niliopitia baadaye, alinisifu kuwa kijana mkweli. Nimekuwa mkweli tangu siku hiyo kwa mshahara mzuri.

Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba zile zilikuwa nyakati, kwamba kila mtu alifanya aliloweza. Nimechoka na maneno hayo. Nyakati hazikusimama karibu na mwavuli, nilisimama mimi. Na nchi nzima, nikiitazama leo kutoka ofisi yangu, imejaa watu walioinuliwa kwa kujibu walipoulizwa, wakasema kweli tupu kwamba hawakuona, kwa sababu walihakikisha wamesimama mahali ambapo mtu hawezi kuona. Gathogo nilikutana naye mara chache baada ya Uhuru, kwenye michezo ya shule za Ruiru, akiwa bado refa, bado anazifua soksi. Alinisalimu kwa mkono. Hakunialika kwake hata mara moja, nami niliita hilo shughuli nyingi.

Kwa hiyo turudi chini ya turubai. Baada ya kaburi kufunikwa watu walipewa chakula, na nikamwona Absalom ameketi kwenye kiti cha mbele, sahani magotini, akiwasimulia vijana wawili mchezo ule kwa mara nyingine, akicheka. Niliondoka nilipoketi, nikasimama mbele yake.

"Ulimsukuma Kimani," nilisema.

Aliinua macho, akafuta mdomo. "Mutua. Bado una huo mchezo kichwani?"

"Ulimsukuma, na mtu akarudishwa kijijini."

"Kwani wewe uliona?" aliuliza, kwa upole kabisa. Vijana wakanigeukia wakisubiri.

Miaka ishirini na minane, shahada, mikutano, mihuri, na jibu langu lilikuwa lile lile. "La," nilisema. "Sikuona."

"Basi kula, bwana. Chakula kinapoa."

"Mimi niliona."

Mama Wanjiru alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo, kama ilivyo desturi ya mfiwa, na mfiwa hatarajiwi kusimama. Alisimama. Aliongea Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia, na nadhani aliichagua ili sisi tuliotoka mbali tusije tukasema hatukuelewa. "Nilikuwa nyuma ya kikapu, Wanjiru yuko mkononi na huyu mdogo mgongoni. Ulimngoja aruke kwanza. Alipokuwa juu ukaingiza kiuno chini yake, hiki cha kulia. Alikuja chini na kiwiko. Halafu ukamtazama mume wangu, ukajua ameona, ndipo ukakimbilia kwa Mzungu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja pale. Wanne bado wako hai, na watatu wamekaa kwenye huu mkeka."

Absalom aliweka sahani chini, akainuka, akavuta koti lake. "Mama," alisema, "leo ni siku ya msiba."

"Ndiyo. Ni msiba wangu." Alinitazama mimi, kwa muda mfupi tu, na hapakuwa na msamaha katika macho yake, wala sikustahili kuutafuta, kisha akamgeukia tena. "Kaa chini, Absalom. Sijamaliza."

Akakaa.